Mashine Mbili za Kina Kahambu

Kama kompyuta yako imechoka na unakaa Goma, watu watakutuma Birere kwa Mama Dative. Jina lake la ubatizo ni Athanasie, la kwao ni Niyonsenga, lakini ukiyataja hayo pale sokoni utatazamwa tu. Sema Mama Dative, fundi wa mashine, yule anayegombana. Hapo utaonyeshwa kwa kidole kibanda cha mbao cha rangi ya bluu chenye mashine mbili mlangoni. Ya kwanza ni cherehani ya mumewe, Védaste. Ya pili ni kompyuta yoyote inayougua siku hiyo.

"Mashine yangu," Védaste hupenda kumchokoza, mguu ukiwa kwenye pedali, "toka nimeipata haijaniulizaka mot de passe, neno la siri."

"Na haijakuandikiaka hata barua moja, Papa Dative," mkewe humjibu bila kuinua macho. "Shona."

Wameoana miaka ishirini na saba, na kila siku ya kazi wanaambiana maneno kama hayo. Siku wasipoambiana, majirani huuliza nani mgonjwa.

Athanasie alizaliwa Kalengera, barabara ile ya kwenda kaskazini, na kabla ya kuwa fundi alikuwa sekretari wa shule. Shule ilipewa msaada wa kompyuta nane kuukuu kutoka Ulaya. Zilikuwa nzito kuamka, we acha tu! Mkurugenzi alikuwa akibonyeza ya kwake asubuhi, anatoka kupandisha bendera, wimbo unaimbwa wote, wanafunzi wanaingia darasani, akirudi ofisini anakuta kile kiduara bado kinazunguka. Kisha mgeni mmoja akasahau mezani kisahani cha CD chenye mfumo wa aina nyingine. Athanasie, ambaye hajawahi kuona kitu kimesahauliwa asikiguse, akakiingiza. Mashine ikafunguka kabla wimbo haujafika mwisho. Nakuambia, siku hiyo yule mama aliingia dini.

Maana mfumo ndio roho ya kompyuta. Ndio unaoiamsha, unaoipa kioo chake, unaoiambia herufi hii iandike wapi. Mifumo mingi inayokuja na mashine ni mizito, inataka mashine kijana mwenye nguvu. Lakini kuna mingine myepesi, iliyotengenezwa na watu waliotawanyika duniani, wakaiacha wazi, yeyote aichukue, aikague, airekebishe. Védaste, ambaye hajui kuwasha hata kimoja cha vyombo hivyo, ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri kuliko wote: "Ni kama koti ambalo fundi anakuruhusu uligeuze ndani uone namna alishona." Athanasie alimpenda upya kwa neno lile, ingawa hakumwambia.

Sasa, usije ukamuuliza upi ni bora isipokuwa umekuja na kiti. Atakueleza kwamba Debian ni mzee wa kanisa: haendi haraka, habadiliki ovyo, na ukimkabidhi ofisi utamkuta palepale mwaka kesho. Q4OS ni ya wale wanaolilia kitufe chao cha zamani pale pembeni ya kushoto. Wape, watulie. Tiny Core ni ndogo ajabu, lakini kwake ni mfumo wa Kwaresima, unakaa nao na njaa. Puppy anaiheshimu kwa sababu inakaa yote kwenye flashi. Mwaka ule mlima ulipotapika moto na watu wakakimbilia Sake kwa miguu, yeye aliacha kompyuta mezani akavaa flashi shingoni pamoja na rozari, na kule Sake akaichomeka kwenye mashine ya kuazima, akakuta mambo yake yote. Munyakazi, fundi kijana wa ng'ambo ya barabara, anapenda Lubuntu kwa kuwa ina sura nzuri. Wanabishana naye kuanzia asubuhi.

"Mama Dative, watu wanataka kitu cha kupendeza macho!"

"Macho gani? Mutu anataka kuandika barua, weye unamuwekea maua. Ikifunguka, maua imekula kumbukumbu yote."

Kipenzi chake mwenyewe ni antiX. Haina mapambo, kioo ni kikavu, lakini mashine ya miaka kumi na minane ukiipa antiX inaamka kama mtu aliyeitwa chakula. Athanasie anaipenda bila haya, na ukiisema vibaya atakunyima hata bisibisi ya kuazima.

Hata hivyo, na hapa ndipo ninapomvulia kofia, hakuwapa watu kipenzi chake kwa nguvu. Aliamini mfumo haupewi mashine, unapewa nyumba. Kila mteja aliketishwa kwenye benchi la Védaste akaulizwa maswali. Nani anakaa mbele yake? Courant yenu ya umeme inakatika mara ngapi? Kitu cha kwanza unafungua ni nini? Kinachokuchukiza ni nini? Kisha anafumba macho kidogo, anaamua. Aliuliza yote hayo, lakini jina kamili hakuuliza kamwe. Aliona ni mambo ya polisi. Nyumba nikishaijua, jina la nini?

Hapo ndipo aliponaswa.

Alhamisi moja ya mwezi wa tano zililetwa mashine mbili, nyeusi zote, za kampuni moja, umri mmoja. Ya asubuhi ililetwa na Papa Adalbert Kambale, mwalimu mstaafu, mtu wa Butembo. Ilikuwa ya nyumba nzima, kila mtoto ana folda yake ndani: Masika, Kasereka, Kahambu. Huyo Kahambu ni Charline, aliyekuwa akiandika TFC yake, kazi ya mwisho ya masomo, na mashine ilimtesa hadi analia. Ya mchana ililetwa na mwanamume mwenye haraka aliyekuwa anapanda lori kwenda Butembo. "Ni ya mama," alisema. "Macho yake imechoka. Anataka kusoma tu, na mashine inamusumbua." Jina hakuulizwa, akalitaja mwenyewe: "Andika Kambale. Wa Majengo." Ndani kulikuwa na folda moja tu: Kahambu.

Wewe unayejua Wanande umeshacheka. Kwao majina hufuata zamu ya kuzaliwa. Kijana wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, na wasichana nao wana zamu yao, na katika zamu hiyo hakosi Kahambu. Kila nyumba na Kambale wake, kila nyumba na Kahambu wake. Athanasie alilijua hilo vizuri, amekaa nao miaka. Lakini kujua ni kitu kimoja na kukumbuka wakati umeme unakatika ni kingine.

Maana ulikatika. Alikuwa amehamishia folda zote kwenye diski yake kubwa ili asafishe mashine, na alipoanza kuweka mfumo mpya, giza. Mashine ya Majengo ilikuwa na betri hai, kwa hiyo akaimaliza kwanza. Aliipa antiX, akakuza herufi hadi zikawa kama za bango la duka. Ya Papa Adalbert akaimaliza Ijumaa, antiX vilevile. Kwenye diski alikuta "Kahambu" na "Kahambu 2". Alifumba macho yake kidogo kama kawaida, akaamua, akarudisha moja huku na nyingine kule. Jumamosi mashine zikachukuliwa, ile ya Majengo na mtoto aliyetumwa ambaye naye hakuulizwa jina, kisha akaifuta diski yake yote, maana hapendi kulala na siri za watu. Na Jumapili kanisani aliimba kwa sauti.

Charline alikuwa kwa shangazi yake wiki hiyo, akichapisha sura mbili za kwanza. Sura ya tatu, ile yenye nyama, ilikuwa kwenye kompyuta ya nyumbani peke yake. Jumanne saa nne asubuhi alikuja Birere mbio, mashine kifuani, kilemba kimemteleza.

"Mama Dative, TFC yangu iko wapi?"

"Iko ndani ya folda yako, mutoto yangu. Umefungua mubaya."

"Ndani ya folda yangu kuko Komunyo ya kwanza ya watu siyui!"

Athanasie alivaa miwani. Kweli. Picha za Komunyo, picha ya bibi mmoja amesimama ameinua samaki mkubwa kama mtu aliyenyang'anya mwizi, na nyimbo za Misa. Hakuna TFC. Alitafuta kila pembe. Alitafuta kwenye diski yake, ambayo aliifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Depo ya kazi chuoni ni Ijumaa saa sita," Charline alisema polepole. "Nikikosa Ijumaa, ninarudia mwaka muzima. Papa ameshauza mbuzi. Mama Dative, niambie iko mahali."

Miaka kumi na moja Athanasie alikuwa akijigamba Birere nzima kwamba hajawahi kupoteza barua ya mtu. Angeweza kusema ni courant. Munyakazi alikuwa amekuja kusikiliza mlangoni, na Mungu anajua alitamani kusema ni courant.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilichanganya. Sikuuliza jina."

Cherehani ilinyamaza. Védaste alimtazama mkewe. Alisimama, akachukua koti lake, akamvisha mabegani. "Kuteleza si kuanguka, Mama Dative. Nendeni mutafute ile nyumba. Mimi nitabaki."

Simu ya yule Kambale wa lori haikupatikana. Alikuwa njiani, na njia ile unaijua. Walibaki na maneno mawili tu kwenye daftari: Kambale, Majengo.

Charline alisoma, akacheka kicheko kibaya. "Kambale wa Majengo! Mama Dative, ni sawa na kutafuta mutu mwenye anaitwa Mutu."

Walipanda pikipiki moja wote wawili, Athanasie nyuma amekumbatia mashine. Majengo wakashuka, wakaanza kuuliza: Mama Kahambu, mwenye mutoto anaitwa Kambale? "Kahambu mugani?" kila mtu aliwajibu. Walipelekwa kwa Kahambu wa kwanza: ana miaka tisa, anachambua maharage, akawauliza kama wamemletea kitu. Kahambu wa pili anauza makaa, na aliposikia habari ya kompyuta alidhani wanamwita mwizi, akawafukuza kwa maneno ambayo sitayaandika hapa. Kahambu wa tatu alikuwa amezikwa mwaka jana. Walisimama, wakaomba, wakatoa pole, wakaendelea. Kahambu wa nne hakuwepo, na mumewe alitaka kujua ni nani anayemtafuta mkewe na kwa nini. Jua lilipinduka. Athanasie miguu ilimuwaka moto, lakini alichoumwa zaidi ni kumtazama yule binti akitembea mbele yake bila kusema kitu. Afadhali angemtukana.

Mwishowe akaacha kuuliza majina. Akamuuliza mama mmoja aliyekuwa akianika nguo: "Munajua bibi mwenye iko na mashine ya kusoma? Yenye herufi kubwa kubwa?"

"Aa! Ule anasomeaka batu? Si museme hivyo toka asubuhi! Herufi zake tunazionaka toka barabarani. Shuka pale, ua ya pili. Kimbieni, saa kumi ameshaanza."

Walisikia kabla hawajaona. Sauti ya kizee, kavu, ikisoma Kifaransa cha masista, neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Uani wanawake saba wanane walikaa wakichambua sombe, majani ya muhogo, wameegemea ukuta wa mawe meusi. Dirishani, kompyuta juu ya stuli iliyofunikwa kitambaa. Na mbele yake, bibi wa ile picha ya samaki.

"*Chapitre troisième*," alisoma. "*Les femmes et le salage du poisson à Vitshumbi*." Kisha akawageukia wenzake. "Maana yake, wanawake na kutia samaki chumvi kule Vitshumbi ziwani."

Charline alimshika Athanasie mkono hadi kucha zikaingia. Iko! Iko hai! Athanasie alifanya ishara ya msalaba, machozi yakamtoka palepale, wala hakuyafuta.

"Hapa sasa," bibi aliendelea, "mwenye aliandika alikuwa amekosea mubaya. Alikuwa amesema uongo karatasi ine nzima. Nilishafuta."

Charline aliachia mkono wa Athanasie. "Umefuta nini, mama?"

Bibi aliwatazama juu ya miwani. Karibuni, nyinyi ni banani? Wakajieleza, au walijaribu, wote wawili wakisema kwa pamoja. Bibi alielewa neno moja tu, kwamba wamefuata kile kitabu, na uso wake ukakunjamana.

"Hii ni yangu. Inaandikwa Kahambu hapa juu. Mimi njo Kahambu."

"Na mimi ni Kahambu, mama. Niliiandika mimi."

Athanasie alisogea mbele akapiga goti, mama wa miaka hamsini na mbili, mbele ya watu asiowajua. "Mama, usimukasirikie huyu mutoto. Kosa ni langu. Mimi njo fundi. Nilichukua yake nikatia kwako, nikachukua picha zako nikatia kwake. Sikuuliza majina."

Bibi alipitisha kiganja kwenye kioo, kama anayepangusa vumbi ambalo halipo. "Mimi nilizania ni Kambale wangu aliniwekea," alisema. "Nimezaliwa Vitshumbi. Nimetia samaki chumvi miaka makumi mbili. Siku mashine inarudi, ninafungua, ninakuta jina langu na Vitshumbi. Nikasema, kumbe kuko mutu alituona." Akaisogeza mashine kwao. "Bon. Muchukue."

Kwa kweli hapo Athanasie alitamani ardhi imfunike. Kosa moja, na limewauma wawili. Lakini Charline alikuwa ameshainama kwenye kioo. Alikuwa akitafuta kurasa zake nne, na mahali pake alikuta ukurasa mmoja na nusu wa Kiswahili, bila nukta, herufi kubwa tupu, maana bibi aliwahi kubonyeza kitufe fulani siku ya kwanza na hakujua namna ya kukirudisha:

CHUMVI HAIKUKUWA YA WANAUME NI UONGO CHUMVI ILIKUWA YETU TULIIFUATA SISI KASINDI TUKAIBEBA MUVUVI ANAWEZA KUJAZA MUTUMBWI SAMAKI KAMA HANA MUTU WA CHUMVI INAOZA MBELE YAKE KWA HIYO ALITUSALIMIA MUZURI MWENYE HAKUSALIMIA TULISEMA CHUMVI IMEISHA

Alisoma mara moja. Akasoma tena. Hasira yake ilikuwa imeshapanda, niliambiwa, na pale ikakwama.

"Mama," akasema, "mimi niliandika kwamba wanaume njo walikuwa wanagawa chumvi. Nilikuta hivyo mu kitabu."

"Kitabu ya nani?"

"Ya profesa mumoja."

"Alitiaka samaki chumvi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Charline naye, na machozi yake, akacheka.

"Na weye Vitshumbi ulifikaka?"

"Siku mbili, mama. Njia ilikuwa mubaya."

"Siku mbili!" Bibi alipiga mapaja. "Sasa ninaelewa. Ikaa hapa. Leteni huyu mutoto stuli. Na weye fundi, acha kupiga magoti, utaharibu kitenge. Ikaa na weye."

Wakakaa. Jumanne hiyo, Jumatano yote, na Alhamisi hadi jua lilipozama. Bibi alisema, Charline akaandika kwa Kifaransa, bibi akamfanya amtafsirie alichoandika kabla ya kuendelea, na kama hakikumridhisha, kinafutwa. Athanasie alichaji betri, akatafuta karatasi, akamenya ndizi. Hakuna aliyemwomba. Alibaki kwa kuwa hakuweza kuondoka. Ilipofika Alhamisi asubuhi alijaribu kujipatia kazi ya ufundi.

"Mama, nikukuzie kioo? Nikuwekee mufumo mwingine wenye picha nzuri? Kuko moja Munyakazi anapendaka..."

"Usiguse kitu!" Bibi alifunika mashine kwa mikono miwili. "Hii njo nzuri. Ninafungua, ninasoma. Ile ya zamani ilikuwa inaniuliza maswali kila asubuhi kama askari wa barriere ya barabarani: unakubali? unakataa? Mimi ninataka kusoma, yeye anataka kuniongelesha. Hii haiongei."

Athanasie alijifanya kukohoa. Siku ile, katikati ya aibu yake yote, alikuwa mama mwenye furaha kuliko wote Majengo, na jioni alimsimulia Védaste neno lile mara tatu. Védaste alisikiliza mara zote tatu. Kisha akasema, "Kwa hiyo njo sawa na cherehani yangu," na akapigwa kwa kitambaa.

Ijumaa saa sita kasoro dakika kumi, Charline aliweka kazi yake mezani kwa sekretari wa chuo, ikagongwa muhuri.

Wiki tatu baadaye ilikuwa siku ya kuitetea. Ukumbi ulijaa. Papa Adalbert alivaa suti aliyoshonewa na Védaste. Athanasie alikaa nyuma karibu na mlango, na pembeni yake bibi Kahambu, kitenge kipya, mikono juu ya magoti. Mwanafunzi aliyetangulia alikuja na mashine mpya inayong'aa, ambayo mbele ya maprofesa iliamua kujisasisha, na watu wakakaa dakika ishirini wakitazama asilimia. Ile nyeusi ya Charline iliamka hata kabla hajamaliza kusalimu. Athanasie alitazama kulia na kushoto kuona kama kuna aliyeona. Munyakazi, aliyejipenyeza bila kualikwa, aliinua mikono kama anayejisalimisha.

Charline alisema vizuri. Lakini alipomaliza, profesa wa katikati, mtu mwenye ndevu nyeupe na kalamu ya bic sikioni, alifungua kazi yake mahali palipowekwa alama.

"Mademoiselle, ukurasa wa hamsini na mbili. Unasema chumvi ilikuwa mikononi mwa wanawake, na kwamba wao ndio walioamua bei. Vitabu vyote ninavyovijua vinasema kinyume. Wewe umetoa wapi?"

"Nilihoji, profesa. Kuna maelezo ya..."

"Maelezo ya mtu mmoja. Nimeona. Chanzo ni nini? Kitabu gani? Kumbukumbu gani za serikali?"

Charline aligeuza karatasi moja, akaigeuza tena. Papa Adalbert alishusha kichwa. Na Athanasie pale nyuma alijua vema maneno yale yameingiaje kwenye ile kazi. Nimemponza huyu mtoto mara mbili, aliwaza. Mara ya kwanza nilimpotezea, mara ya pili nikamrudishia. Aligeuka amtazame bibi Kahambu, amwombe radhi hata kwa macho.

Kiti kilikuwa kitupu.

Bibi alikuwa ameshafika katikati ya ukumbi. Hakuna mtu wa nje anayeruhusiwa kusema siku ya utetezi, kila mtu anajua hivyo, na kijana wa mlangoni alikuwa tayari amenyoosha mkono kumzuia, akaurudisha. Bibi alisimama mbele ya meza ya maprofesa, mdogo, amenyooka, akainua mikono yake miwili na kuigeuza viganja juu. Ilikuwa imechanika kwa makovu meupe, yale ambayo chumvi inayaacha ikiingia kwenye kidonda miaka ishirini mfululizo.

"Unauliza alitoa wapi," alisema. "Alitoa kwangu. Ninaitwa Kahambu. Soma."

Hakuna aliyecheka. Profesa aliitazama ile mikono, akamtazama yeye, akaitazama tena. "Mama, tumekusikia," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Aksanti. Unaweza kukaa."

"Nitaikaa," bibi alisema, "ukishaandika jina langu pale kwenye chanzo."

Na profesa akatoa bic sikioni, akasogeza karatasi, na mbele ya watu wote akaandika.